Lubomyr Prystupa, Beki Aliyeambiwa Angoje

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano tarehe 16 Mei mwaka 2012, katika hospitali moja mjini Saskatoon, daktari aliweka picha ya goti la kushoto la ndugu yetu mpendwa Lubomyr Prystupa mbele ya taa, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza maumivu yalianza lini. Lubomyr, ambaye bado alikuwa na ndevu zile ambazo wachezaji wa hoki ya barafu hawanyoi mpaka timu yao itolewe kwenye mtoano, akajibu kwamba yalianza mwaka uliotangulia, mwezi wa saba.

Mkewe Giselle, aliyekuwa ameketi kando yake na koti lake mapajani, akageuka.

"Wa saba? Mimi uliniambia wa tatu."

"Nilimwambia Baba," akasema Lubomyr.

"Baba alijua?"

"Alijua, Giselle. Aliniambia ningoje."

Daktari akawaacha wamalize, kisha akawaeleza polepole kwamba nundu iliyokuwa chini ya goti ni saratani ya mfupa, kwamba imekwisha kufika kwenye mapafu, na kwamba kama angeletwa kiangazi kilichopita huenda wangeuondoa mguu naye mwenyewe akabaki, lakini sasa wangeuondoa mguu na bado hawezi kuahidi lolote. Tangu saa ile familia ya Prystupa haikuwa tena kama ilivyokuwa.

Baba Paroko, ndugu, majirani na marafiki mliofika katika baridi hii, historia hii inasomwa na Darka, dada wa marehemu, kwa niaba ya familia, na inasomwa kama mjane alivyoomba, bila kuruka kitu. Mzee Metro, baba wa marehemu, aliyekaa hapa mbele, alisomewa yote jana jikoni kwake, akasikiliza mpaka mwisho akiwa na kofia yake mkononi, akasema, "Isome hivyo hivyo. Usinipunguzie."

Marehemu Lubomyr alizaliwa tarehe 9 Desemba mwaka 1978, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Metro Prystupa na marehemu mama Olha, wakulima wa ngano wa hapa Dobrovoda, baada ya kaka yake Nestor na dada yake Darka. Siku hiyo mzee Metro, ambaye alicheza hoki ya kulipwa kwa miaka sita, alikuwa uwanjani mkoa mwingine, akapewa habari wakati wa mapumziko ya pili, na inasimuliwa kwamba mwenzake alimwuliza, "Mtoto gani, Metro?" naye akajibu, "Beki," akarudi kwenye barafu. Marehemu alibatizwa katika kanisa hili la Watakatifu Petro na Paulo mwezi wa Januari uliofuata, wiki mbili baada ya Krismasi yetu, na mama Olha alipenda kusema kwamba maji ya ubatizo yalikuwa baridi mno kiasi kwamba mtoto hakulia, alikasirika tu.

Nyumba ya Prystupa ilikuwa nyumba ya mabeki. Babu Iwan aliongoza ujenzi wa ukumbi wa kwanza wa barafu wa mji huu mwaka 1949, wakati wenyeji walipochangia mbao kutoka kwenye maghala yao, naye alicheza beki, mzee Metro alicheza beki, Nestor alicheza beki mpaka goti lake lilipokatika akiwa na miaka ishirini, na Lubomyr hakuulizwa. Alivalishwa viatu vya kuteleza akiwa na umri wa miaka mitatu, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, na kazi aliyofundishwa kwanza haikuwa kufunga mabao bali kusimama mbele ya kisahani. Wale wageni kwenye mchezo huu wafahamu kwamba kisahani ni cha mpira mgumu kama jiwe, kinapigwa kwa gongo kikaruka kwa kasi ya gari la barabara kuu, na beki mwema ndiye anayejitupa mbele yake kwa hiari kabla hakijamfikia kipa. Mzee Metro alikuwa akiwaambia wanawe, "Mshambuliaji anaandikwa gazetini, beki anaandikwa mwilini," nao wakacheka, na wakaamini.

Marehemu alisoma katika shule ya Dobrovoda kuanzia mwaka 1984, akiwa mwanafunzi wa kawaida, mwenye mwandiko mzuri na maneno machache, aliyehudumu altareni kila Jumapili hata pale alipokuwa amerejea alfajiri kutoka mechi za mbali. Mwaka 1995, akiwa na miaka kumi na sita, alichukuliwa na klabu ya vijana ya Kinsley Lake, akaenda kuishi, kama ilivyo desturi ya vijana wa mchezo huu, katika nyumba ya mwenyeji asiyekuwa ndugu yake. Mwenyeji huyo, mama Pauline Thorsby, yuko nasi leo, amesafiri kwa basi tangu jana, na amesema Lubomyr ndiye kijana pekee katika wote aliowalea aliyeosha sahani bila kuambiwa, na pia ndiye pekee aliyecheza wiki tatu na kidole cha mguu kilichovunjika bila yeye kujua, akagundua tu pale alipoona soksi iliyolowa damu. Alimaliza darasa la kumi na mbili mwezi Juni 1997, na mwezi huo huo akachaguliwa na klabu ya Lakeport ya ligi kuu, katika raundi ya tano ya uteuzi wa vijana wa kila mwaka, na mji huu ukapiga honi za magari mpaka mama Olha akaomba waache kwa sababu kuku walikuwa wamekataa kutaga.

Alicheza miaka minne katika ligi ya chini, akisafiri kwa mabasi na kulala njiani, na tarehe 18 Oktoba 2001 akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu kwa Lakeport, klabu ambayo hakuihama mpaka mwisho. Alicheza mechi mia sita na zaidi na kufunga mabao kumi na tisa, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba matatu kati ya hayo yalimgonga tu njiani. Hakuwa mpiganaji, hakuwa mtu wa makelele, hakupendwa na mashabiki wa haraka, lakini makocha walimweka barafuni katika dakika ya mwisho kila timu ilipokuwa ikiongoza kwa bao moja, na katika kazi yake hakuna heshima inayopita hiyo. Kila kiangazi alirudi Dobrovoda, akaendesha trekta, akaimba sauti ya chini katika kwaya hii, na sadaka yake aliitoa bila mkono wa kushoto kujua ufanyalo wa kulia.

Tarehe 24 Julai mwaka 2004, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Giselle Bouvier, mwalimu wa watoto wadogo, binti wa mfuga nyuki kutoka vijiji vya Wafaransa kusini mwetu, ambaye hadi siku alipokutana na Lubomyr hakuwahi kuangalia mechi moja ya hoki mpaka mwisho. Mama Olha, aliyetutoka mwaka 2009, alimpenda tangu siku ya kwanza, akamwambia jikoni, "Umeingia nyumba ya watu wasiosema panapowauma, binti yangu, itakubidi uwe unawatazama." Mungu aliwajalia watoto wawili wa kike, Kalyna aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2005, na Zenia aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 2007, na Lubomyr aliwasuka nywele wote wawili kwa vidole vyake vilivyopindishwa na visahani, akisema amejifunza kwa kufunga kamba za viatu.

Sasa familia inafika mahali pagumu.

Tarehe 12 Julai 2011 ilikuwa sikukuu ya Petro na Paulo, wasimamizi wa kanisa letu, na baada ya Liturujia na chakula wanaume wa Prystupa walikaa kwenye benchi nyuma ya ukumbi, wakapandisha suruali, wakaonyeshana nundu za miguuni, kama walivyofanya kila mwaka na kama wengi wenu mlivyowaona na kucheka nao. Kila beki anazo, ni mahali kisahani kilipogonga mfupa pembeni mwa kinga, damu ikaganda, pakawa pagumu, na katika nyumba ile kila nundu ilikuwa na mwaka wake na jina la aliyepiga.

"Hiyo yako ni chunusi," Nestor akamwambia mdogo wake. "Tazama hii yangu, mdogo wangu, kwa umri wake ingeweza kupiga kura."

"Nyie mlikinga miguu kwa plastiki," akasema mzee Metro. "Sisi tulivaa magazeti. Hapa kwangu ukisoma vizuri utaona bei ya ngano ya mwaka sitini na nane."

Giselle alikuwa akipita na sinia la vikombe, akasimama.

"Lubko, hiyo ya chini ya goti haikuwepo wakati wa Pasaka."

"Ilikuwepo, mke wangu. Ilikuwa na haya tu."

Wakacheka wote. Giselle hakucheka, akaweka sinia chini, akaigusa kwa kidole, akasema kwamba baba yake mzinga ukibadilisha sauti anaufungua siku hiyo hiyo, hangoji asali iishe.

"Mguu si mzinga, binti," akasema mzee Metro kwa upole, kwa maana alimpenda. "Hiyo ni ya mwezi wa pili, ile mechi ya ugenini, niliiona kwenye televisheni ikimgonga. Mwachie, itatulia."

Na ni kweli, kisahani kilimgonga mahali pale mwezi wa pili, na hilo ndilo lililotupoteza. Katika nyumba isiyojua hoki, nundu mpya kwenye mfupa wa kijana ingewashtua watu, wakampeleka kwa daktari kesho yake. Katika nyumba hii kulikuwa na vizazi vitatu vya watu waliojua nundu, waliozigusa na kuzipa majina, na kwa sababu walizijua sana hawakuitambua ile ambayo haikuwa yao. Siku ile jioni, wanaume wawili walipobaki peke yao ghalani, Lubomyr alimwambia baba yake kwamba hii inauma hata akiwa amelala, na hilo halikuwahi kumpata, na mzee Metro akamwambia angoje.

Msimu ulianza mwezi wa kumi, na Lubomyr akacheza. Kufikia mwezi wa tatu mwaka 2012, Giselle aliingia chumbani mchana wa siku ya mechi, saa ile ambayo wachezaji wote hulala kidogo kabla ya kwenda uwanjani, akamkuta mumewe amelala usingizi mguu ukiwa juu ya mito miwili, anaugulia bila kuamka. Alipoamka alimwuliza, naye akamwambia imeanza kuuma mwezi huu tu, na atakwenda kupigwa picha mara mtoano utakapokwisha.

"Nenda kesho," Giselle akamwambia.

"Kesho tuna mazoezi."

"Basi mwambie daktari wa timu hapo hapo mazoezini. Hatua kumi, Lubko."

"Nikimwambia ataniondoa, na anayo haki. Tumeingia mtoano mara ya kwanza katika miaka mitano, mke wangu. Wiki tatu, nne. Halafu mguu wote nakupa wewe."

Wenye mchezo huu wanajua desturi ya wakati wa mtoano, kwamba jeraha halitajwi, kwamba timu ikiulizwa husema tu mchezaji ana tatizo sehemu ya chini ya mwili, ili wapinzani wasijue pa kugonga, na wachezaji wamezoea kufichaficha mpaka wanawaficha waliolala nao kitanda kimoja. Daktari wa timu alimwuliza mara mbili kwa nini anachechemea, akajibu ni kidonda cha zamani, na familia inasema wazi kwamba daktari yule hana lawama, kwa sababu aliuliza, na akajibiwa uongo na mtu ambaye hakuwa mwongo kwa jambo lingine lolote.

Mwezi wa nne, kati ya raundi ya kwanza na ya pili, Lubomyr alimpigia baba yake simu, akamwambia kwamba sasa hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, na amefikiria kwenda hospitali. Mzee Metro ametaka maneno yake yasomwe kama alivyoyasema. Alisema, "Mguu ni wako, mwanangu, lakini mimi nilicheza miaka sita sikuwahi kuuona mtoano. Wewe umo ndani. Ukisema leo, kesho wanajua wote. Ngoja. Na usimtie Giselle wasiwasi."

Lakeport walitolewa tarehe 12 Mei, katika mechi ya saba ya raundi ya pili. Lubomyr alizuia visahani vitano jioni ile, cha mwisho kwa mguu ule ule, akasimama, akapanga mstari na wenzake kama desturi inavyotaka, akampa mkono kila mpinzani mmoja mmoja, na nahodha wao, ambaye ametuandikia wiki hii, anasema alipomshika mkono alihisi mtu mzima anatetemeka, akadhani ni huzuni ya kufungwa. Siku nne baadaye walikuwa mbele ya ile taa mjini Saskatoon.

Mguu uliondolewa juu ya goti tarehe 5 Juni 2012. Zikafuata dawa za saratani, kiangazi chote na majira ya baridi yote, zikamtoa nywele na ladha ya chakula, na upasuaji wa mapafu mara mbili, na mwanzoni hakuna aliyemsikia akilalamika, jambo ambalo zamani tulilisifu na ambalo sasa Giselle alimkataza. Alimwambia, "Humu ndani utasema panapouma, kila siku, hata ukitia chumvi," naye akajifunza, na ilimwia vigumu kuliko mikongojo. Nestor alikwenda kupimwa miguu yote miwili wiki ile ile ya upasuaji, akakutwa salama, na mabeki saba wa mji huu wakamfuata.

Lakini Giselle hakusema tena na mzee Metro. Alimpikia, alimfungulia mlango, alimwachia akae na mwanawe saa zote alizotaka, ila neno hakumpa. Jumapili ya msamaha, tarehe 17 Machi 2013, tulipopanga mstari humu kanisani kabla ya Kwaresima, kila mmoja akimwinamia mwenzake na kusema, "Nisamehe," na kujibiwa, "Mungu anasamehe," mzee Metro alipofika mbele ya mkwewe na kuinama mpaka chini, Giselle alitoka kwenye mstari, akaenda kusimama nje kwenye theluji bila koti. Wengi mliona. Wengi mmelizungumza, na wengine mmesema maneno makali juu ya mzee, na wengine juu yake yeye, na familia inawaomba leo hapa ikome.

Lubomyr aliona pia, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Hakumlaumu mkewe, wala hakumtetea baba yake. Alichoomba, na alikiomba mara nyingi, ni kwamba watu hawa wawili wasiachwe kila mmoja na kaburi lake. "Mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tatu," alimwambia Giselle. "Baba alisema ngoja. Aliyengoja ni mimi."

"Najua," Giselle akamjibu. "Na wewe nimekukasirikia pia. Ila wewe unakufa, sina nafasi."

Tarehe 6 Januari mwaka huu, usiku wa mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, meza iliwekwa katika chumba cha mbele, kando ya kitanda chake, na mzee Metro, akiwa mkubwa wa nyumba, alichukua bakuli la ngano na asali, akaanza kumlisha kila mmoja kijiko kimoja na kumtakia heri, kama alivyofanya baba yake. Lubomyr hakuweza kumeza, akapakwa midomo tu. Mzee alipofika kwa Giselle asali ikamwagika kwenye kitambaa, akasema mbele ya wote, mbele ya wajukuu, "Nilimwambia angoje. Mara mbili. Mimi ndiye."

Zenia akamvuta mama yake mkono. Giselle akaila ile ngano, akasema, "Sijafika huko, mzee. Lakini kaa. Hapa ni kwako."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyompa kwa miezi kumi na tisa, na Lubomyr aliyasikia, akafumba macho.

Marehemu alipokea mafuta matakatifu tarehe 11 Februari kutoka kwa Baba Paroko, na akafariki Alhamisi tarehe 13 Februari 2014, saa tano na robo asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, Giselle akiwa amemshika mkono wa kulia na mzee Metro amekaa chini upande ule ambao hapakuwa na mguu. Ameacha mjane, watoto wawili, baba, kaka na dada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Saskatoon waliotuambia kweli tangu siku ya kwanza, mama Pauline Thorsby, uongozi na wachezaji wa Lakeport waliokuja wakakaa kule nyuma wakiimba nyimbo wasizozijua, majirani walioleta mashine zao mwezi wa tisa wakavuna ngano ya Lubomyr kwa siku mbili bila kuitwa, akina mama wa parokia walio jikoni chini hivi sasa, na wale vijana wanne waliochoma majani makavu juu ya ardhi ya kaburi iliyoganda tangu Jumatatu, wakikesha kwa zamu katika baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, mpaka ikakubali kuchimbwa.

Jumapili ya msamaha ni tarehe 2 Machi, wiki mbili zijazo. Giselle ameomba tusome hivi kwa niaba yake. Amesema hajui kama siku ile atabaki kwenye mstari, na anaomba mtu asimtazame. Amesema kwamba mzee Metro alimpenda mwanawe, na alikosea, na hataki yeyote atakayesimulia habari za mumewe aseme moja akaacha la pili. Na amesema kwamba leo, tukitoka hapa kwenda makaburini, barabara ina barafu na mzee hana wa kumshika, kwa hiyo atatembea naye yeye.

Ee Bwana, uliyemwita mtumishi wako Lubomyr kabla hatujawa tayari, mpokee mzima, usimwulize kwa nini alinyamaza, kwa maana alifundishwa na watu waliompenda. Mpe mahali pa mwanga, mahali pasipo maumivu ya kuficha, na sisi tuliobaki utufundishe kusema mapema. Lala, Lubko, upumzike, na kumbukumbu yako iwe ya milele. Amina.